Maswali ya Wasomaji: Hifadhi ya Biosfera, Ardhi ni ya Nani na Nani Anaisimamia?

Katika toleo lililopita tuliandika kwa sentensi mbili tu kwamba bonde la Lufira, kaskazini mwa Lubumbashi, lina hifadhi ya biosfera iliyotangazwa mwaka 1982, yaani eneo linalotunza viumbe pamoja na watu wanaoishi humo. Sentensi hizo mbili zimetuletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki, na hapa ninasema makala ya gazeti, si yale ya mbabula, yaani makaa ya kupikia, ingawa hayo nayo yanafuata hapa chini. Tumechagua barua sita. Nyingine ziliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti, na waliotuandikia watapata majibu yao humu humu.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Likasi. Nimekwenda mara nyingi Mwadingusha na kwenye ziwa Tshangalele, na sijawahi kuona lango, wala mlinzi, wala kibao kinachosema kwamba pana hifadhi. Mnasema ilitangazwa mwaka 1982. Ilitangazwa na nani? Je, ardhi ile sasa ni ya UNESCO?

Mwalimu wetu, tunakusalimu kwa heshima. Tuanze na lile linalowasumbua wengi: ardhi ile si ya UNESCO, wala haijawahi kuwa yake hata siku moja. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilianzisha mwaka 1971 mpango wake wa Mtu na Biosfera, ambao ndio unaotoa jina hilo, na hifadhi za kwanza zilitangazwa mwaka 1976. Yangambi, kule kando ya mto Kongo chini ya Kisangani, ilikuwa miongoni mwa hizo. Nchi ndiyo inayochagua eneo, ndiyo inayopeleka ombi, na baada ya jina kutolewa nchi inabaki na mamlaka yake yote juu ya udongo, miti, maji na watu wa pale. Jambo hili halikujengwa hata juu ya mkataba wa kimataifa, tofauti na Urithi wa Dunia ambao una mkataba wake wa mwaka 1972. Mwenye kuomba anaweza pia kujitoa: Marekani iliondoa hifadhi 17 kati ya zile zake kwenye orodha mwaka 2017, na hakuna aliyeizuia.

Kuhusu lango ulilolitafuta, nadhani ulikuwa unatafuta hifadhi ya taifa. Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, na Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka 1970, zilijengwa juu ya wazo kwamba mnyama akae huku na mtu akae kule, na kati yao uwepo mstari na mlinzi. Hifadhi ya biosfera inaanzia mahali pengine kabisa. Inakubali tangu mwanzo kwamba watu wapo, wanalima, wanavua, wanachoma makala, na inauliza namna gani wataendelea kuwapo bila kumaliza kile kinachowalisha.

Fikiri nyumba ya kwetu. Kuna chumba cha ndani ambacho mgeni haingii. Kuna kibaraza, ambapo mgeni anakaribishwa lakini anakaa kwa adabu. Kisha kuna uwanja, ambapo watoto wanacheza, kuku wanachakura na jirani anapita kwenda zake. Hifadhi ya biosfera nayo ina kiini kinacholindwa kwa sheria ya nchi; ina ukanda wa kinga unaokizunguka kiini, ambamo shughuli zisizokiharibu zinaruhusiwa; na ina ukanda wa mpito, wenye vijiji, mashamba na masoko. Waandishi wa Tanzania huita mahali kama hapo hifadhi hai, na jina hilo linanipendeza, kwa kuwa linakumbusha kwamba hakuna kilichofungiwa kabatini.

Sasa tazama tarehe. Utaratibu huu wa kanda tatu, pamoja na masharti yake ya usimamizi, uliwekwa sawasawa mwaka 1995, katika mkutano uliofanyika Sevilla, Hispania. Lufira ilikuwa imetangazwa miaka 13 kabla. Hifadhi nyingi za kizazi hicho cha kwanza zilichaguliwa kama mahali pa wataalamu kufanyia utafiti, na mara nyingi ukanda wa kinga na ukanda wa mpito havikuchorwa, wala mwanakijiji hakuulizwa kitu. Ya kwetu ni ndogo, hektari 14,700 hivi, wakati Yangambi inapita hektari 200,000. Tena iko jirani na ziwa ambalo lenyewe ni mtoto wa bwawa, kwani Tshangalele ni maji yaliyozuiliwa na bwawa la Mwadingusha, ambalo mitambo yake ilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini hukuona kibao, jibu langu ni kwamba jina lilitangulia na usimamizi ukabaki nyuma. Na mtu asiyejua kwamba amesimama kwenye ukanda wa kinga hawezi kulaumiwa kwa kuukata.

Mhariri, mimi ni mama wa Katuba na ninauza makala tangu bwana alipokosa kazi. Ninasikia kwamba pori litafungwa lifanywe hifadhi. Wakilifunga, sisi tutapikia nini bukari, na mimi nitawasomesha watoto kwa kitu gani?

Mama, swali lako ndilo gumu kuliko yote yaliyotufikia, na sitaki kulijibu kwa maneno ya semina.

Kwa sheria, jibu ni fupi. Ndani ya kiini hakuna kukata. Katika ukanda wa mpito kukata kunaruhusiwa kwa kufuata kanuni za nchi na makubaliano ya mahali. Katika ukanda wa kinga inategemea wenyeji na wasimamizi wamekubaliana nini, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Lakini kabla ya kukubaliana, inafaa kutazama gunia lako linatoka wapi.

Wachomaji wanakata mutondo na miti mingine ya miombo, yaani misitu ya huku kwetu, wanaikata vipande, wanavipanga vimelala, kisha wanafunika kwa majani na juu yake udongo, wakiacha matundu machache ya kupumulia. Moto unawashwa upande mmoja. Siku za mwanzo unatoka moshi mweupe, mzito, ambao kwa sehemu kubwa ni maji ya ule mti. Moshi ukishakuwa mwembamba na wenye rangi ya buluu, mchomaji anajua kwamba makala yanaiva. Udongo ukipasuka usiku na hewa ikaingia, asubuhi atakuta majivu, ndiyo maana analala pale pale karibu na tanuru lake akiwa na koleo. Katika tanuru la namna hii, kilo 100 za mti zinaleta kilo 10 hadi 20 tu za makala. Tofauti kati ya 10 na 20, mama, ni msitu mzima. Mti uliokaushwa wiki kadhaa kabla ya kuchomwa, tanuru lililopangwa bila mianya na mchomaji asiyekwenda kunywa usiku vinaweza kuleta karibu mara mbili ya magunia kwa miti ile ile. Mpango wa usimamizi ambao hauanzi na jambo hili umeandikwa na mtu asiyewahi kulala kando ya tanuru.

La pili ni kisiki. Miti mingi ya miombo ina tabia njema: ukiikata, inachipua tena kwenye kisiki na kwenye mizizi. Eneo lililokatwa kwa makala linaweza kurudi kuwa msitu likiachwa. Kinacholimaliza ni yale yanayofuata baada ya shoka, yaani jembe linalong'oa visiki, na moto wa mwisho wa kiangazi. Ng'ambo tu ya mpaka, huko Ndola, Zambia, kulianzishwa mwaka 1933 majaribio ya kuchoma nyasi kwenye viwanja vya miombo. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, zikiwa zimekauka kabisa. Na vingine vililindwa moto usiingie. Miaka ilivyopita, vile vya moto wa mwishoni vikawa mbuga ya nyasi yenye miti michache, vile vya moto wa mapema vikabaki miombo, na vile vilivyolindwa vikasongamana. Kwa lugha ya huku kwetu: choma mwezi wa tano au wa sita ukiwa lazima uchome, lakini anayewasha mwezi wa tisa au wa kumi anaua machipukizi yote ya visiki vya mwaka uliopita.

Basi ukanda wa kinga unaosimamiwa vizuri unaweza kugawanywa vipande, kila mwaka kikatwa kimoja na vingine vikapumzishwa miaka mingi ya kutosha. Miti ya matunda ya masuku na ile ya mulombwa inaachwa isimame. Moto wa mapema unawekwa na watu waliochaguliwa, si na mwindaji anayepita. Na kipande kilichokatwa hakigeuzwi shamba la mahindi. Hapo wachomaji wana kazi, wewe una gunia, na akina mama wengine wana masuku, uyoga wa mvua za kwanza, viwavi na asali, ambavyo vyote vinakwenda pamoja na mti. Tukihesabu fedha za msitu huwa tunasahau hizo, kwa sababu zinapita kwenye beseni na hazipiti kwenye lori.

Ninyamaze? Hapana, bado kuna la kusema wazi. Hifadhi yoyote ile haiwezi kubeba mji wa Lubumbashi mgongoni. Mji ndio unaokula pori, na mji una watu wengi kuliko visiki vinavyoweza kuchipua. Ni jambo la kushangaza kwamba mkoa wenye mabwawa ya umeme tangu zama za wakoloni unapika kwa makala mpaka leo, na mtu wa kijiji cha ukanda wa kinga hapaswi kubebeshwa peke yake kosa ambalo nguzo za umeme hazijalirekebisha.

(Kwa kuwa tuko kwenye makala: kule Jozani, Unguja, ambako kuna hifadhi ya biosfera tangu mwaka 2016, kima punju wanakula makaa. Wanayaokota kwenye matanuru ya zamani na kuyatafuna, na wataalamu wanaeleza kwamba makaa yanawasaidia kuvumilia sumu iliyo kwenye majani ya miembe na mikungu wanayopenda. Kwa hiyo, mama, una wateja hata huko.)

Mzee Mhariri, sisi ni wavuvi wa Tshangalele. Kila mwaka kunakuja amri ya kufunga uvuvi, na tukiuliza nani aliamua, kila mmoja anamtaja mwenzake. Je, tukiwa kwenye hifadhi ya biosfera tutakuwa na neno? Na maji machafu yanayoshuka kutoka upande wa viwanda, hayo nani anayafunga?

Ndugu zetu, neno mnalo, lakini hamtaletewa nyumbani. Masharti ya mwaka 1995 yanataka kila hifadhi ya biosfera iwe na mamlaka au utaratibu wa kuisimamia, iwe na mpango wa usimamizi, iwe na kazi za utafiti na ufuatiliaji, na yanataka wenye mamlaka, jamii za wenyeji na wenye shughuli za fedha washirikishwe katika kuipanga na kuiendesha. Kwa maneno mengine, kamati ambayo ndani yake hakuna mvuvi ni kamati pungufu, na mna haki ya kusema hivyo.

Ila nimeona kamati nyingi maishani mwangu, na nyingi zinakufa kwa mambo madogo. Mwenye kiti ni mtu wa mjini anayefika mara moja kwa mwaka. Muhtasari wa mkutano unaandikwa kwa Kifaransa tupu, unawekwa kwenye kabati, na wavuvi wanaombwa kutia alama ya kidole chini ya jambo wasilolisoma. Akina mama wanaokausha na kuuza samaki hawaalikwi, ingawa wao ndio wa kwanza kuona samaki wanapokuwa wadogo, kwa kuwa wao ndio wanaowapanga kwenye kichanja na kuhesabu wangapi wanajaza kikapu kimoja. Dai la kwanza liwe lugha: muhtasari usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla ya mtu kuweka jina lake. Dai la pili liwe tarehe. Kufunga uvuvi wakati wa mvua, samaki wanapotaga, kuna maana yake. Tilapia akivuliwa akiwa bado amebeba watoto kinywani, mvuvi amevua samaki mmoja na kutupa mamia. Lakini tarehe ya kufunga na ya kufungua inapaswa kujulikana mapema, pamoja na watu watakavyokula katika miezi hiyo. Amri isiyojibu swali la chakula inavunjwa usiku, na ninyi mnajua vizuri kuliko mimi.

Nyavu je? Jambo hili nalipitia haraka kwa sababu mnalifahamu: chandarua cha mbu si wavu. Kipimo kinachokubalika kinaweza kuchongwa kwenye kipande cha ubao na kutundikwa mwaloni, na kila mwenye wavu akapitisha jicho la wavu wake pale mbele ya wenzake. Aibu ya mwaloni inafanya kazi kuliko faini.

Na kitu kimoja zaidi ambacho hakina gharama: daftari. Kila siku ya kuvua, mtu mmoja anayeaminika aandike mitumbwi mingapi imerudi, samaki wa aina gani, na kilo ngapi. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa na uzito mbele ya afisa yeyote kuliko malalamiko ya miaka 30. Wataalamu wanaita kazi hiyo ufuatiliaji, nanyi mnaweza kuifanya kwa kalamu moja.

Kuhusu maji, sitawadanganya. Mpaka wa hifadhi unazuia shoka, lakini mto hausomi ramani. Maji ya eneo la Likasi yanaingia bonde la Lufira, na watafiti wamekuta shaba, kobalti na metali nyingine kwenye matope ya Tshangalele na hata ndani ya samaki. Hifadhi haiwezi kufunga bomba la kiwanda, lakini mpango wake wa usimamizi unaweza kulazimisha maji yapimwe mahali palepale na wakati uleule kila mwaka, na matokeo yatangazwe kijijini. Sheria ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaidai kila kampuni inayochimba itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na kazi zake. Ulizeni kama vijiji vyenu vimehesabiwa kuwa vinaguswa. Anayekunywa maji yaliyotoka mgodini anaguswa, hata akikaa mbali na shimo.

Mhariri, ninasoma kilimo chuo kikuu hapa Lubumbashi na ninataka kuandika kazi yangu ya mwisho juu ya kuanzisha hifadhi mpya ya biosfera katika miombo. Hatua ni zipi, na nani anatia saini ya mwisho?

Kwanza kiini kiwe na ulinzi wa sheria ya nchi, kwa maana UNESCO haitoi ulinzi huo. Kwetu sheria husika ni ile namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa asili, nayo inataka uchunguzi ufanywe kwa wananchi na athari za mazingira na za kijamii zipimwe kabla eneo halijatengwa. Kisha fomu ya maombi inajazwa, pamoja na ramani ya kanda tatu, maelezo ya viumbe na ya watu, jinsi eneo litakavyosimamiwa, na sahihi za wenye mamlaka. Kamati ya taifa ya Mtu na Biosfera inaipeleka UNESCO. Huko wataalamu wa kamati ya ushauri wanaipitia, na uamuzi unatolewa na baraza la kimataifa la mpango huo, ambalo wajumbe wake ni nchi. Kila baada ya miaka 10 nchi inatoa ripoti, na hifadhi isiyotimiza masharti inaambiwa ijirekebishe.

Hayo yote unaweza kuyasoma jioni moja. Ushauri wangu ni kwamba usiandike kazi juu ya fomu. Orodha ya dunia ina hifadhi zaidi ya 700 katika nchi zaidi ya 130, kwa hiyo kujaza fomu si miujiza. Kigumu ni mwaka wa pili, sherehe imekwisha, mabango yamefifia, na msimamizi ana ofisi lakini hana pikipiki, au ana pikipiki lakini hana mafuta. Chagua kijiji kimoja, hesabu nani anachukua nini porini na mwezi gani, na uonyeshe mstari wa ukanda wa kinga ungepita wapi bila kumkata mtu katikati ya shamba lake. Ukitaka kuendelea zaidi, kuna ERAIFT huko Kinshasa, shule ya baada ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa ajili ya usimamizi wa misitu na ardhi za tropiki, na hifadhi ya Luki, katika msitu wa Mayombe, si mbali na Boma, imekuwa kama darasa lake la nje.

Ninaishi Goma. Je, Virunga nayo ni hifadhi ya biosfera?

Hapana. Virunga ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1925 na Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979. Ng'ambo ya mpaka, milima ile ile ya volkano upande wa Rwanda ina jina la biosfera tangu mwaka 1983, na labda hapo ndipo habari hizo zilipochanganyikana. Congo yetu ina tatu: Yangambi, Luki na Lufira.

Mheshimiwa Mhariri, mjomba wangu ni chifu wa kijiji upande wa Kambove. Wamekuja watu na ramani, wanasema wanataka kutusaidia kulinda msitu. Wazee wanaogopa. Wanasema ardhi ikishachorwa na mgeni, mwenyeji anakuwa mgeni. Tuwajibu nini?

Mpwa wa chifu, wape wazee salamu zetu na uwaambie kwamba hofu yao si ushirikina. Kahuzi-Biega, kule Kivu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Batwa waliokuwa wakiishi humo walitolewa bila kuulizwa wala kupewa ardhi nyingine. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Nusu karne ilipita, na waliotolewa wakiwa vijana wakazeeka kando ya barabara. Mtu anayewaletea ramani asipoitaja habari hiyo yeye mwenyewe, mtajieni ninyi.

Lakini kukataa kila ramani hakuwalindi pia. Ardhi isiyochorwa na mtu yeyote inachorwa na yule wa kwanza kufika na fedha, awe mchimbaji, mkataji wa miti ya mukula au mwenye shamba kubwa kutoka mjini. Ndiyo maana mimi binafsi ningeanza na haki ya kijiji kabla ya jina lolote la kimataifa. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014, namba 14/018, inairuhusu jamii ya wenyeji kuomba sehemu ya msitu wake wa kimila iwe msitu wa jamii, hadi hektari 50,000, bila kikomo cha muda. Jamii inayoshika karatasi hiyo inaweza baadaye kuingia kwenye hifadhi ya biosfera ikiwa mshirika mwenye ardhi, kwenye ukanda wa kinga au wa mpito, badala ya kuingia kama mkaaji anayevumiliwa. Utaratibu huo ni mrefu, unaanzia kwa wazee wenyewe na kupita kwa utawala wa eneo mpaka kwa gavana, na majirani lazima wakubali mipaka.

Kwa hiyo wajibuni wageni kwamba mtazungumza, ila baada ya kazi moja ya nyumbani. Wazee, wawindaji, akina mama wanaookota uyoga na vijana wawili wenye simu zinazoonyesha mahali wapite mpaka wote kwa miguu, na wazee wa vijiji jirani wapite pamoja nao, kwa sababu mpaka unaoujua peke yako si mpaka. Waandike kila mto, kila kichuguu kikubwa, kila kaburi, kila mahali pa tambiko ambapo shoka haliingii. Mara nyingi hapo ndipo kiini kilipo tayari, kinalindwa na miko ya wazee kabla ya afisa yeyote kuzaliwa. Fanyeni kazi hiyo mwezi wa sita au wa saba, nyasi zikiwa zimelala na vijito vimepungua. Ramani ikishachorwa, ichorwe mara mbili. Moja mwape wageni. Nyingine ibaki kijijini ndani ya kopo la bati, juu, mahali ambapo mchwa hawafiki.